Doa la Usoni

Ovari zinafika ndani ya chupa ya chai,
zingali na joto, kutoka machinjio ya Chivilcoy.
Dereva huiacha mlangoni, haingii.
Anasema harufu ya maabara inamtisha
kuliko ile ya damu aliyoizoea.

Nazipasua. Naosha. Nasaka yai,
dogo kama chembe ya unga iliyosahaulika mezani,
usiloliona mpaka ujue kwamba lipo.
Arobaini na matatu leo.
Nayapa usiku na mchana yakomae
katika joto la mama, nyuzi thelathini na nane,
ndani ya sanduku la chuma lisilo mama.

Kisha kazi yenyewe. Nashusha pumzi.
Kwa ncha ya kioo nyembamba kuliko unywele
nalitoboa yai, navuta kiini chake, nakitema pembeni.
Yule jike wa Chivilcoy ndio kwisha habari yake.
Imebaki nyumba: moto jikoni unawaka,
mwenyewe hayupo.

Ndipo namkaribisha Ceniza.

Ceniza alikufa miaka sita iliyopita,
mguu ulivunjika uwanjani, polo ikielekea tamati.
Kabla hajafukiwa, mtu alikata ngozi ya shingo
kadiri ya ukucha wa kidole gumba;
seli zake zikalazwa kwenye naitrojeni,
baridi isiyojua msimu.
Nachukua moja tu. Naisukuma ndani.
Umeme, kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho,
na viwili vinakuwa kimoja
bila posa, bila mahari.

Siku saba za kuhesabu.
Moja, mbili, nne, nane, na vingine vinasimama hapo
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Vingine vinaingia ukijivu.
Nélida huandika “vimeharibika”
kwa mwandiko mzuri mno.
Vilifika vitatu, vikaingia matumbo matatu.
Jike mmoja aliharibu mimba mwezi wa pili.
Wa pili alizaa mtoto aliyepumua hadi adhuhuri.
Huyo sisemi habari zake.

Wa tatu alisimama.
Mweusi, maana farasi wa kijivu huzaliwa weusi.
Mwenye timu akaja na mvinyo na wapiga picha.
Wanasema duniani wawili wawili;
wetu wa pili alikuja na risiti.

Eleuterio Villalba alikuja peke yake, Jumamosi,
kofia mkononi, kama aliyeitwa kutambua maiti.
Miaka kumi na mmoja alimlisha yule wa kwanza,
alilala naye zizini usiku wa msokoto wa tumbo.
Akapiga mluzi: mrefu, mfupi, mrefu.
Mtoto akaendelea kunyonya.
Akapiga tena.
Mkia ndio uliojibu, ukifukuza nzi.

“Doa la usoni si lake,” akasema.
“La yule lilikuwa tone la maziwa lililopotea njia.
Hili limenyooka.”
Nikamweleza: seli za rangi husafiri tumboni
na hakuna safari mbili zenye vumbi moja.
Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza daktari wa meno.

Kisha akauliza, jambo ambalo mwenye timu hakuliuliza:
“Na yai? Lilikuwa la nani?”

Nikafungua daftari. Tarehe. Namba ya chupa.
Machinjio hayaandiki majina.
Pengine alikokota mkokoteni wa vyuma chakavu.
Pengine alikuwa mvivu, mng'ataji, kipenzi cha mtoto fulani.
Moto wake ndio unaowaka jikoni mle
kila huyu mdogo anapotimka.

Eleuterio aling'oa majani, akanyoosha mkono.
Ule mluzi wa zamani hakuupiga tena.
Alitafuta mwingine, akakosea, akajaribu,
midomo mikavu.

Nami nilikuwa nimechelewa.
Dereva alishagonga akaondoka,
na chupa ya chai ilikuwa pale kizingitini,
ikipoa.