Kipengele cha Kumi na Saba

Fomu inataka picha ya karibuni,
upana sentimita tatu na nusu,
usicheke, masikio yaonekane.
Shangazi Haykanush avua kitambaa:
"Kwani masikio ndiyo hutoroka?"

Taarifa ya benki, miezi mitatu.
Bima. Mwaliko kutoka Lyon:
mjukuu atazaliwa Machi.
Siku tisini, usizidishe hata moja.

Kisha kipengele cha kumi na saba,
thibitisha kwamba utarudi.

Naandika: nyumba, Gyumri, vyumba viwili.
"Ongeza mitungi arobaini ya jamu ya aprikoti,
haijafunguliwa.
Ongeza kaburi la Vardan, nani atalipalilia?
Na sukari ya jamu niliikopa kwa Satenik,
sijamlipa...
hapana, hilo lifute.
Watadhani nakimbia deni."