Jiwe Juu ya Redio

Baba hakuleta dhahabu kutoka Kipushi.
Alileta jiwe moja, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
limefungwa ndani ya karatasi ya hesabu za zamu,
akaliweka juu ya redio, nyumbani kwetu Katuba.
Mama akauliza: linaliwa?

Halikuliwa.
Rangi yake ilikuwa ya shaba inayokumbuka moto,
si njano, si nyekundu,
rangi ya vinkubala vikikaukia kwenye lungo
siku ya kwanza ya jua baada ya mvua.
Ulipolikwaruza juu ya kigae cheupe
liliacha mstari mweusi,
kama uongo uliokwisha gunduliwa.
Kisu kililichora, lakini kwa taabu, kwa kelele.

Baba alikuwa msuguaji katika maabara ya mgodi.
Kazi yake: kukata mawe, kuyalainisha
hadi yang'ae kama mboni ya jicho,
kisha kumpa mwingine ayatazame kwa darubini.
"Kwa miaka," alisema, "walilihesabu pamoja na jiwe jingine,
lile la rangi ya tausi, lenye shaba nyingi na siri chache.
Ukipitisha sumaku mezani, lile linalala.
Hili linaruka."
Akanipa kipande cha sumaku nijaribu.
"Tala, mwana. Iyi haiko shaba.
Njo ndugu yake, wa mama mwingine."

Reniereti.
Nilifikiri ni jina la msichana wa masista.

Nikamuuliza lilizaliwa wapi.
Hakutaja Mungu, hakutaja mababu.
Alivuta sahani, akalipasua bonge la bukari kwa kidole gumba.
"Huu ni mwamba mweupe, sakafu ya bahari
iliyokauka kabla dunia haijajua jani.
Hapa pakavunjika."
Akamwaga mchuzi wa sombe pembeni,
nao ukaufuata ufa, polepole, hadi ndani kabisa.
"Maji ya chumvi, ya moto, kutoka chini.
Yamebeba shaba, zinki, chuma,
na salfa, ile ya kichwa cha kiberiti, inayowashika wote mikono.
Na katikati yao abiria mmoja asiye na tiketi,
gerimani, mdogo, karibu hayupo.
Yalipopoa, kila mmoja aliganda alipokuwa."
Kisha akakila kile kipande cha mfano,
akaniachia ufa.

Redio ilikufa Februari, maji yalipoingia kupitia bati.
Ngoie Kisimba, fundi wa karibu na soko,
aliifungua kama anayechambua samaki,
akainua kidudu chenye miguu mitatu na kofia ya bati.
"Hizi za zamani," alisema,
"ndani yake mna punje ya gerimani. Njo inasemesha."
Baba alikitazama kile kidudu,
akalitazama lile jiwe,
muda mrefu, kama mtu anayelinganisha sura za pacha.
Halafu akacheka hadi akakohoa:
"Kumbe! Limekwenda ng'ambo likiwa bubu,
limerudi linasema Kifaransa!"

Kicheko kilikwisha. Kikohozi kilibaki
miaka minne.

Jana alikuja mnunuzi, viatu vyeupe, mizani ya karanga.
Alilipima jiwe, akaguna, akataja bei,
akaongeza mfuko wa unga.
Mama hata hakugeuka kutoka kwenye kinu.

Halikai tena juu ya redio; redio haipo.
Liko dirishani, ndani ya wavu wa nondo.
Nilitoa sumaku kwenye kile kipaza sauti cha zamani,
na kati ya sumaku na jiwe nimebana karatasi za baba,
miezi aliyofanya kazi, pasipo malipo,
kila moja na sahihi yake iliyoinama kushoto.
Zinashikika zote, ila upepo wa Agosti ukizidi
zinaanguka na jiwe lenyewe, kishindo,
nasi tunaamka usiku,
tunapapasa sakafuni,
tunazirudisha.