Tangi la Vendelín

Gundi ya miaka haitaki haraka.
Ukiivuta kwa hasira inaondoka na rangi.
Basi nimeleta kikausha nywele gerejini,
waya umepita dirishani juu ya theluji,
nalipulizia joto tangi la Jawa yako
kama mtu anayepoza uji, ila kinyume.

Kwanza Krakow. Pembe ikalegea.
Ukucha, kisha kadi ya benki iliyokwisha muda,
taratibu, kwa mlalo, isichubue.
Ikaja nzima. Nikaibandika kwenye ndoo.
Kisha Brno, kisha ile ya bia,
kisha jogoo ambaye hakuna ajuaye ulimtoa wapi.
Gundi iliyosalia nimeipaka mafuta ya alizeti,
nikangoja, nikafuta kwa fulana yako.
(Samahani. Ilikuwa na tundu kwapani.)

Chini ya kila moja, wekundu wa siku ya kwanza;
pembeni, wekundu uliochoshwa na jua.
Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Martin.
Anataka tangi tupu.

Ya mwisho, Trieste. Kubwa kupita zote.
Bahari uliyomsimulia mama kipupwe kizima,
chumvi yake, samaki wake, bei zao.
Imebanduka kwa shida, na chini yake
kuna kibonyeo,
mikwaruzo ya changarawe, na chembe ya kijani
ya geti la padri, hapo tu, kona ya pili.

Vendo, mwongo wee.

Nimezima kikausha.
Nimeipasha gundi kwa kiganja
nikairudisha bahari mahali pake.
Jumamosi nitamwambia yule bwana:
hiyo haitoki.