Sega Zima

Chemchem, saa nne usiku, umeme umerudi,
feni ya kompyuta inakohoa vumbi la Juni.
Programu iliyo tayari ilinikataa mchana:
mashine yako, ilisema, ni ya zamani mno.

Haya. Hata asali ya chupa
ni kuamini mdomo wa aliyeifunga.
Nikashusha chanzo chenyewe, sega zima,
na nta yake, na nyuki wawili watatu waliofia humo:
megabaiti tano, dakika arobaini.

Ndani mna faili liitwalo Nisome Kwanza.
Nani husoma kwanza? Mimi.
Baba alikuwa mpiga simu za maandishi pale stesheni.

Nikaandika amri. Mistari ikapanda, myeupe gizani:
natafuta hiki… kipo.
Natafuta kile… kipo.
Natafuta maktaba…
maktaba haikupatikana.

Nikacheka. Kalunde akageuka kitandani:
maktaba gani usiku huu?
Ya kufungia barua, nikamwambia, wasiisome njiani.
Akasema: si utie gundi.

Siku mbili nikatafuta gundi.
Maktaba ya kwanza ilimtaka wa pili,
wa pili hakai bila toleo jipya la wa tatu,
kama kwenda kuposa Sikonge:
baba anakuelekeza kwa mjomba,
na mjomba yuko msituni kwenye mizinga,
hajasema atarudi lini.

Nikamngoja mjomba.

Usiku wa tatu ikakubali kujengeka.
Maonyo arobaini na moja, nimeyahesabu, kosa hakuna.
Umeme ulipopepesa
niliweka kiganja juu ya boksi
kama juu ya mgongo wa mbuzi anayezaa.

Kisha ikataka nywila ya mzizi.
Herufi hazionekani unapoziandika;
uvijue vidole vyako, basi.

Ikabaki kuisanidi. Hakuna kipanya, hakuna picha,
faili tupu tu, linangoja useme u nani.
Jina: Nyamizi Lugembe. Kazi haikuulizwa, nikaiandika:
mhasibu wa warina asali.
Mlango: mia tisa tisini na tatu.
Seva ikakataa. Nikabisha tena, ikakataa.
Kumbe nimeacha nukta moja katika anwani,
nukta, neno ambalo baba alilitamka
hata alipoomba chumvi mezani.

Nikaiweka.

Barua ya kwanza, kutoka kwangu kwenda kwangu: jaribio.
Ikafika. Nikaijibu, kwa adabu: imefika.
Na chini yake, ya siku nane, kutoka Kaliua:

“Madumu kumi na mawili yamepanda treni ya Alhamisi.
Moja linavuja. Simu yangu imezama kisimani.
Dada, mbona kimya? Shija.”

Alfajiri nilikuwa stesheni, kwenye ghala la mizigo.
Sisimizi walikwisha pata taarifa.