Kabla ya Neno la Kwanza

Oulu, Januari, saa tisa alasiri, na jua limeshaaga.
Chini ya maktaba, chumba kinanuka kahawa na vumbi la feni.
Mimi kazi yangu ni birika na tochi.
Kufufua ni kazi ya Tuulikki Rautio:
kompyuta ya mwalimu mstaafu, ya mpiga fidla,
na hii ya Kyllönen, fundi bomba, yenye dole la gundi kifunikoni.
Amefuta kila kitu. Ameweka mfumo huria,
kivinjari huria, programu huria ya barua pepe.
Ukutani, kando ya zamu za usafi, ameandika kwa wino:
itumie upendavyo, ichungulie ndani,
irekebishe, mgawie jirani.
Haki nne, husema, kama miguu ya meza.

Leo meza imeyumba.

Eetu, mwanafunzi wa jioni, kauliza swali la kitoto:
"Hiki kivinjari kinaongea na nani?"
Wakatega sikio kwenye waya.
Ukurasa mweupe. Hakuna aliyegusa kitufe.
Taa ya kijani ikaanza kupepesa.
Mara moja: kinauliza kama kimezeeka.
Mara ya pili: kinamwarifu mtu kwamba kimeamka.
Mara ya tatu kinaleta habari ambazo hakuna aliyeziagiza.
Eetu anahesabu kwa vidole, mkono ukaisha,
akahamia wa pili, ukaisha,
akaazima kidole cha Tuulikki.

Kumi na moja.
Na sisi hatujaandika hata "habari za mchana."

"Lakini msimbo uko wazi," Eetu anajitetea, kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa.
Uko wazi, ndiyo. Kama theluji ilivyo wazi:
nani amekukataza kuhesabu chembe?

Tuulikki aliwahi kujaribu.
Mumewe alipolazwa, usiku, kando ya kitanda,
aliisoma programu ya barua mstari kwa mstari
kama asomaye Zaburi,
akitafuta pale inapoamua barua ipi ni takataka.
Alifika mstari wa elfu nne na kitu.
Muuguzi akaingia.
Hajaurudia mstari ule.

Nikiwamiminia kahawa naisifu ile ya barua; ina adabu.
Ikiona kijipicha kidogo kuliko punje ya uwele,
kilichofichwa kimchongee msomaji
(amefungua, saa mbili na dakika sita, yuko Oulu),
inasimama, inabisha hodi: nikilete, nisikilete?
Sawa. Bahasha yangu, kalamu yangu.
Posta je? Barua inalala kwenye seva ya watu,
nyuma ya mlango usio na tundu la ufunguo.

Na kile kisanduku cha kutafutia, pale juu,
kimepangishwa kama kibanda cha sokoni;
kodi yake ndiyo mshahara wa wanaotuandikia uhuru.
Nimlaumu nani? Uhuru nao hula mkate.
Ukitaka kukigeuza kivinjari, kigeuze,
ila jina lake uliache mlangoni, kama viatu.

Dakika arobaini Tuulikki anazima, anazima,
swichi ndani ya menyu, menyu ndani ya menyu,
nyingine zimeandikwa kwa upole hadi unaona haya kukataa.
Kumi na moja zikawa sita. Sita zikawa mbili.
Mbili zile hatukuziona zinakotokea.

Kyllönen akaingia na theluji mabegani.
"Tayari? Sasa ni yangu kweli?"
Nilidhani atasema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo,
mzee wa watu kasimama, buti zinachuruzika.
Tuulikki akachukua penseli, akachana karatasi ya zamu,
akaandika, akaibandika juu ya lile dole la gundi:

*Zimebaki mbili. Tunazitafuta. Ukiziona, tuambie.*

Kyllönen akaisoma mara mbili, akacheka kidogo,
akaibeba kompyuta kwapani kama mkate wa moto.