Lebo

Juma la kwanza nilikosea.
Nilimwambia Halvard, "Kaa kitako kama wenzako,"
naye akakaa, viganja chini ya mapaja,
macho juu kwenye taa iliyokuwa ikilia.
Mimi sikuisikia. Taa, nilidhani, huwaka tu.
Yeye aliisikia, sauti nyembamba ya mbu
juu ya amri ya kwanza, juu ya amri ya pili;
tulipofika ya nne akatoka mbio
bila koti, kwenye theluji,
nami nikaandika daftarini: hana utulivu.

Hammerfest, Januari. Jua lilituaga Novemba.
Mama yake, Gudveig, alikuja jioni ile ile.
Hakuja kuomba radhi.
"Mwanangu ana masikio," alisema. "Nanyi mna taa mbovu."

Nikapanda ngazi, nikaichomoa.
Hayo ndiyo mahubiri yangu bora mwaka ule.

Mengine nilijifunza kwa kuuliza:
amani ya Bwana aipokee kwa kuinamisha kichwa, si kwa mkono;
Torleif wa kinanda ainue kidole
kabla ya mabomba makubwa kunguruma;
na akizunguka nguzo wakati wa sala, anasali.
(Sisi wengine hufumba macho
tukiwaza samaki tuliyemwacha jikoni.)

Bibi Borghild wa safu ya pili akanung'unika:
kanisa si uwanja wa michezo.
Nilimjibu kwa upole, kisha kwa ukali.
Hajanisalimia mpaka leo.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini huyu si mgeni. Alibatizwa hapa,
birika lile pale, maji yetu haya haya.

Kisha Synnøve akanifuata ngazini:
"Na mimi je? Herufi hunihama nikisoma."
Miaka mitatu alikuwa kwetu
akitabasamu ili tusimwone.

Mei. Kanzu nyeupe, chumba cha nyuma, kengele karibu kulia.
"Shingo inaungua," Halvard akasema,
wala hakupiga kelele, alinipa taarifa.
Nikachukua mkasi, nikakata lebo ya kanzu yake.
Kimya kidogo. Halafu mwingine: "Na yangu."
"Na yangu." "Na yangu, tafadhali."
Shingo saba zikainama mbele yangu,
zote nyekundu, zote miaka yote,
na hakuna aliyewahi kusema.

Somo alilichagua mwenyewe:
nasaba, yale majina ninayoyaruka tangu nisimikwe.
Alisoma kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka,
mwana wa fulani, mwana wa fulani,
akirudi nyuma hadi Adamu, hadi kwa Mungu,
hakumwacha hata mmoja njiani.
Alipomaliza akatoka nje kupumua.
Mlango tuliuacha wazi. Baridi ikaingia. Tukavumilia.

Lebo saba bado zimo mfukoni mwa koti langu.
Zimeandikwa: usipige pasi.