Springi ya Kumi na Moja

Injini haipimwi kabla haijapoa.
Chuma cha moto kina maneno mengi, asema Nakiwala,
kwa hiyo tumelala hapahapa Katwe, juu ya maboksi,
na alfajiri, muadhini hajamaliza,
yeye keshafungua kifuniko cha vali.

Mimi naandika. Kipande cha katoni, penseli ya seremala.
Ya kwanza: milimita arobaini na saba nukta mbili.
Ya pili: vivyo hivyo.
Byaruhanga, mwenye gari, kazinunua Kisekka
kwa mtu aliyeapa kwa kaburi la babake:
kumi na sita, seti moja, ngumu, za mashindano.
Anazunguka uani, funguo kidoleni.
Jumapili ni Mbarara.
"Nyabo, si zote zinafanana?"

Zinafanana, ndiyo. Hata mapacha hufanana
mpaka uwadai.

Ya kumi na moja: arobaini na sita nukta tano.
Anaifuta mafuta, anapima tena.
Anaigeuza kichwa chini.
Arobaini na sita nukta tano.

Kwenye mizunguko elfu nane, ananiambia mimi,
si Byaruhanga,
vali ikichelewa kurudi kwa unene wa unywele
pistoni haitaingoja.

Byaruhanga kaapa, kacheka, kapiga ndoo teke,
kisha kapanda boda kurudi Kisekka.

Springi ile ningali nayo dirishani,
imekalia risiti zisipeperuke.
Huwa naibonyeza kwa kidole gumba.
Ngumu. Inarudi.
Kidole changu hakioni kosa lolote.